Mvinyo wa Douro msimu wa mabibo

Chupa ilikaa juu ya kabati tangu Agosti. Shemeji aliitoa Pemba, ile ya Msumbiji, akavuka nayo Daraja la Umoja pale Mtambaswala kaiviringisha ndani ya vitenge. Mvinyo mwekundu wa Douro, Ureno. Nilikuwa naingoja siku ya maana. Jana mjomba kashuka kutoka Newala na ndoo ya mabibo, matunda ya mkorosho, nikasema siku ndiyo hii.

Kifungulio hatuna. Nikazungusha skrubu kwenye kizibo, nikavuta kwa plaizi, kikakatika nusu. Nusu ya pili ikazama. Tukachuja kwa chujio la chai, na joto hili la Mtwara chupa ilibidi kwanza ikae kwenye ndoo ya maji.

Mjomba akapiga funda moja, akakunja uso.

"Mpwa wangu, mbona inakamata ulimi kama bibo?"

Nilicheka, halafu nikaonja tena. Kweli kabisa. Ukakasi ni uleule, ule unaofanya mdomo ukauke huku umejaa maji. Kwenye mvinyo unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, maana maganda hayatupwi, yanachachuka pamoja na juisi, na hayohayo ndiyo yanatoa wekundu. Ndani ya chupa yetu kuna aina tatu za zabibu: Touriga Nacional, yenye punje ndogo na harufu ya maua, Touriga Franca, na Tinta Roriz ambayo Wahispania wanaiita Tempranillo. Nikamweleza mjomba kwamba mashamba ya zamani ya Douro yana aina nyingi zilizopandwa kiholela, zinavunwa pamoja na kukanyagwa kwa miguu kwenye mabirika ya mawe.

"Kama bibi yako," akasema. "Mabibo mekundu, ya njano, yote chombo kimoja."

Kilichomshangaza ni ardhi. Kule mizabibu iko kwenye matuta ya milimani, juu ya jiwe linalopasuka vipandevipande, na mizizi inashuka kwenye nyufa kutafuta maji. Akanyamaza kidogo. Mikorosho yake nayo inaishi kwenye mchanga ambao mahindi yanaukataa. Na mkorosho wenyewe Wareno ndio waliouleta pwani hii kutoka Brazili, karne ya 16.

Mwaka 1756 serikali ya Ureno iliweka mipaka ya Douro, na baadaye nguzo za mawe zikasimikwa, ili mvinyo wa kwingine usiuzwe kwa jina hilo. Sisi msimu huu tunahesabu kilo za korosho tu, mabibo yanaoza chini ya mti mpaka nyuki wanachoka. Inaniudhi kila mwaka.

Mjomba alimaliza kikombe chake, hakuongeza. Akaomba chupa tupu. Ni nzito, anasema, itafaa kuwekea uraka, pombe yetu ya mabibo.