Majani yanayodanganya: kupima dawa za miti dhidi ya gripi

Chukua majani ya mpera au chai ya mashamba yetu ya Kivu, loweka kwenye alkoli, kisha tia kwenye seli zenye virusi vya gripi. Mara nyingi virusi vitashindwa. Ndiyo maana mtu akiniambia tu kwamba "dondoo lilizuia virusi labo", sishtuki. Majani hayo yana tanini, na tanini hunasa karibu kila protini inayokutana nayo: ya virusi, ya seli, ya kimeng'enya. Mgonjwa akinywa, tanini hiyo hukutana kwanza na mate, chakula na tumbo; haina njia rahisi ya kufika kwenye mapafu. Basi sehemu kubwa ya kazi hii ni kukamata waongo.

Tuanze na mmea wenyewe. Fungu la majani la soko la Kadutu, hapa Bukavu, halitoshi kuwa ushahidi. Muuzaji anaweza kuchanganya mimea miwili inayofanana, na jina moja la kienyeji linaweza kubeba mimea kadhaa. Chuma tawi lenye maua au matunda, libane kati ya magazeti, andika mahali, mwinuko na tarehe, kisha lipeleke kwenye hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya kituo cha utafiti cha Lwiro litambuliwe na lipewe namba. Ruhusa ya kuchuma tafuta kabla ya safari, hasa ukielekea upande wa hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega.

Kausha kivulini, kwa tabaka jembamba, chini ya nyuzi 40. Kuanzia Septemba hadi Mei hewa ya Bukavu ina unyevu mwingi, na majani yaliyorundikwa huota ukungu kabla ya kukauka. Sumu ya ukungu itaua seli, nawe utaulaumu mmea. Saga, pima gramu 100, mimina lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, funika, tikisa mara kwa mara kwa saa 48, chuja, kisha vukiza alkoli kwa pampu ya ombwe bila kuzidi nyuzi 40. Maji yanayobaki yaondoe kwa mashine ya kukausha kwa baridi. Kama mganga wa miti huwapa watu chai ya majani, tengeneza dondoo la maji pia, maana hilo ndilo watu wanalokunywa. Hapa, kwenye mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95; liandike kwenye daftari, kwa sababu mwenzako wa Kinshasa atayachemsha kwa joto jingine.

Mwinuko huo unavuruga na vyombo, jambo ambalo vitabu vya mashine havisemi sana. Otoklavu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu kwenye vyombo) inayoongozwa na geji ya shinikizo hufika nyuzi 121 ikisoma bar 1.05 kwa mtu wa pwani. Bukavu inabidi isome bar 1.2 hivi. Ukiiacha kwenye 1.05 unapikia nyuzi 118 au 119, na bakteria sugu watakusalimia baada ya siku mbili. Gesi ya kaboni (CO2) ya kabati la kukuzia seli nayo ni hivyo hivyo: asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi pungufu, midia (maji ya lishe ya seli) hupanda pH, yaani asidi yake hupungua, na kugeuka waridi. Panda hadi asilimia 6 hivi, kisha pima pH yenyewe. Umeme ukikatika mara nyingi, kuza seli kwenye midia ya L-15, ambayo haihitaji gesi hiyo hata kidogo.

Dondoo kavu liyeyushe kwenye kiyeyusho cha DMSO, miligramu 100 kwa mililita, na ulichuje kwa kichujio cha maikromita 0.22 cha nailoni au PTFE. Kile cha asetati ya selulosi huyeyuka ndani ya DMSO, na uchafu wake unaingia kwenye seli bila wewe kuuona. Ukichanganya sehemu 1 kwa midia hadi sehemu 200, unapata maikrogramu 500 kwa mililita na DMSO asilimia 0.5. Hapo ndipo mwisho, usipande zaidi. Vishimo vyote vya sahani, pamoja na visivyo na dawa, vipewe DMSO kiasi kilekile.

Sumu hupimwa kabla ya virusi. Seli zinazotumika zaidi ni MDCK, za figo ya mbwa, zilizoanza kukuzwa mwaka 1958. Weka seli 20,000 hivi kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 96, ziache zishike usiku mzima, kisha punguza dondoo nusu kwa nusu kuanzia maikrogramu 500 kwa mililita hadi karibu 4. Muda wa kuziacha uwe sawasawa na ule wa jaribio la virusi, tuseme saa 48 au 72. Dondoo lisilodhuru kwa saa 24 linaweza kuua siku ya tatu, na seli chache maana yake ni virusi vichache. Huyo ndiye mwongo wa kwanza.

Wa pili ni MTT, rangi ya kupimia kama seli ziko hai. Rangi hiyo ya manjano hugeuzwa kuwa zambarau na seli hai, lakini flavonoidi (kemikali za kawaida za mimea) na vitamini C huigeuza pia, bila seli yoyote. Unaweza kuwa na kishimo cha maiti watupu, na mashine ikasoma asilimia 100 ya uhai. Osha seli mara mbili kabla ya kutia MTT, na tenga vishimo vyenye dondoo bila seli. Vikigeuka zambarau, achana na MTT, hesabu seli kwa rangi ya bluu ya tripani. Mimi kwa mimea siiamini MTT ikiwa peke yake, hata iwe nzuri kiasi gani kwenye grafu.

Sasa virusi. Gripi ya msimu hushughulikiwa kwenye labo ya usalama daraja la 2, ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia. Gripi ya ndege ya H5 haiguswi humo. Osha seli ili seramu yote (majimaji ya damu ya mnyama yanayotiwa kwenye midia) itoke, tia virusi kidogo, kama chembe 1 kwa seli 100, acha saa 1, kisha mimina midia isiyo na seramu yenye tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) ya aina ya TPCK, maikrogramu 1 kwa mililita, na weka kwenye nyuzi 35. Tripsini ndiyo inayokata hemaglutinini, protini ya juu ya virusi, ili virusi wapya waweze kuingia seli nyingine, seramu huizuia.

Na hapa ndipo mwongo hatari kuliko wote anajificha. Tanini huzuia tripsini. Mbegu nyingi za jamii ya maharage zina vizuizi vya tripsini pia. Dondoo la namna hiyo halijagusa virusi kabisa, limekata tu mkasi wake, na sahani inaonekana safi kama ya dawa. Kumkamata, ambukiza seli zote kwa pamoja, chembe 3 au zaidi kwa kila seli, bila tripsini, na upime protini za virusi baada ya saa 8. Mzunguko mmoja hauhitaji mkasi. Nguvu ya dondoo ikipotea hapo, shuku tripsini kwanza, kabla ya kufikiria kitu kingine.

Badilisha pia saa ya kutia dondoo: lichanganye na virusi kabla, litie wakati wa kuambukiza, au saa 1 baadaye seli zikishaoshwa. Likifanya kazi pale tu lilipochanganywa na virusi kwenye chupa, una kitu kinachofunika virusi kwa nje. Si bure, lakini haliwi dawa ya kumeza.

Kipimo cha kukadiria virusi kwa jinsi vinavyogandamanisha chembe nyekundu za damu ni cha bei nafuu, ndiyo maana kinapendwa. Kwa dondoo ghafi ni mtego: tanini hugandamanisha chembe hizo zenyewe, saponini (kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni) huzipasua. Hesabu virusi kwa madoa ya seli zilizokufa kwenye tabaka la seli, baada ya kupunguza sampuli mara elfu na zaidi ili dondoo lenyewe lisibaki na nguvu.

Dawa ya gripi ya kulinganisha na dondoo isiwe kidonge cha oseltamivir cha famasi. Kilichomo ni umbo ambalo ini lazima ilibadilishe kwanza, na MDCK si ini. Nunua oseltamivir kaboksilati au zanamivir. Amantadini, dawa ya zamani ya gripi, iache, karibu virusi vyote vya gripi A vinavyozunguka kwa binadamu vimeizoea.

Gawanya kipimo kinachoua nusu ya seli kwa kile kinachozuia nusu ya virusi. Chini ya 10 mimi siendelei. Hata hivyo angalia namba yenyewe. Maikrogramu 100 kwa mililita, ndani ya mtu mwenye lita 40 za maji mwilini, ni gramu 4 za dondoo zilizoingia zote bila ini kugusa hata punje. Hakuna chai inayofanya hivyo. Kwa sasa, mgonjwa wa gripi aliye hatarini, mwenye mimba, mzee, mwenye pumu, anahitaji hospitali na oseltamivir ndani ya saa 48, hata kama nyumbani kuna sufuria ya majani.

Dondoo lililopita mitego yote lipitishe kwenye safu ya poliamidi ili tanini ibaki humo, hakikisha kwa matone ya kloridi ya chuma (rangi ya bluu-nyeusi au kijani iliyokolea isitokee), na rudia jaribio zima. Wengi huanguka hapa. Linalobaki ligawanye kwa viyeyusho: heksani, asetati ya ethili, butanoli na maji, na pima kila sehemu kivyake. Weka pia gramu 50 za unga wa mavuno yaleyale kwenye frigo, gizani. Mavuno ya msimu wa kiangazi yanaweza kuwa na kemia nyingine, na bila unga wa zamani hutajua kama ni mmea uliobadilika au ni sahani yako.