Tini na mgao wa maji

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua mpaka Dar es Salaam tukaingia kwenye mgao wa maji, na mimi nyumbani Tabata nilikuwa na mtini wenye tini 11. Nilizihesabu kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini, kama mtu anayehesabu vifaranga.

Mti wenyewe ulitoka Upanga. Nilikuwa nimemfungia mzee mmoja feni za dari, na wakati nakusanya vifaa vyangu akanikatia vijiti viwili kwenye mtini wake wa uani, kila kimoja kama shubiri moja hivi, akaviviringisha kwenye gazeti. Kimoja nilikipanda ardhini, mahali tulipokuwa tukipanda nyanya. Kikachipua, kikadumaa, kikafa. Nilipoking'oa, mizizi ilikuwa na vinundu kama shanga: minyoo fundo, wale wale wanaosumbua nyanya. Cha pili nilikiweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa chini, na hicho ndicho kilichonitia jeuri.

Ndoo ilikaa juu ya saruji, ubavuni mwa ukuta unaopigwa na jua la mchana wote. Sasa hivi nisingeiweka pale hata kwa kulipwa. Saa nane mchana ukishika ubavu wa ndoo unaondoa mkono haraka, na mizizi imo humo humo ndani haina pa kukimbilia.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kunijulia hali. Yeye tini alizijua zile kavu tu za mwezi wa Ramadhani, zilizobonyea na kunata. Nikamwahidi kwamba safari hii hataondoka kabla hajala mbichi. Siku ya kwanza tu alinikuta nimechuchumaa mbele ya ndoo na mswaki wa zamani mkononi.

"Mwanangu, mti nao una meno?"

Nilikuwa nawasugua vidung'ata. Walikuwa wamejibana kwenye makwapa ya majani, weupe kama pamba, na sisimizi wakipanda na kushuka kuwachunga, maana sisimizi hunywa ule utamu unaowatoka. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kwa jirani kuomba majani ya mwarobaini, akayatwanga na kuyaloweka usiku kucha. Tukayachuja, tukatia sabuni kidogo, tukapulizia jioni jua lilipozama. Baada ya wiki mbili hivi walipungua sana. Hapo sifa ni zake, si zangu.

Lakini mgao ulikuwa habari nyingine. Bomba likikauka siku tatu, nne, nani atampa mti maji wakati watu wanaoga kwa kopo moja? Mke wangu alinitazama mara moja tu nikiwa nimeshika jagi, nikalirudisha. Mtini ukawa unapewa maji ya kuoshea mchele, kikombe, siku nyingine hata hicho hakuna. Majani yakalegea, ya chini yakageuka njano na kudondoka. Tini nne nazo zikaanguka zingali ngumu. Vuli nayo ilichelewa. Mawingu yanakuja, yanapita, yanatuacha na joto letu.

Halafu usiku mmoja, kama saa nane, nikasikia mtaa mzima unaita: "Maji! Maji yametoka!" Tukaamka wote. Tukajaza mapipa, madumu, masufuria, hata beseni la kuogea mtoto. Kulipokuwa hakuna tena chombo cha kujaza, nikaukumbuka mti. Nilikuwa nimeuonea aibu kwa wiki kadhaa, nafikiri ndiyo sababu nilifanya nilichofanya. Nikaumwagia ndoo nzima. Nikasubiri ikauke, nikaongeza nyingine. Mama alikuwa amesimama mlangoni na khanga yake begani.

"Aliyeshinda na njaa humpi sinia la pilau, baba. Anza na uji."

Sikumsikiliza. Alfajiri nikarudia.

Siku mbili zilizofuata nilijiona fundi. Tini saba zilizobaki zilikuwa tayari zimeanza kubadilika rangi, na sasa zikavimba na kuinamisha shingo. Siku ya tatu asubuhi nikazikuta zimepasuka. Maji yalikuwa yamejaa ndani kwa kasi ambayo ganda, lililokwisha kukakamaa kwa kiu, halikuiweza. Zilikuwa zimeachama, nyama nyekundu nje, sisimizi wamepanga foleni, nzi wadogo wanazunguka, na harufu imeshaanza kuwa ya tembo la mnazi lililolala. Kunguru mmoja wa shingo ya kijivu alikuwa juu ya ukuta ananisubiri niondoke.

Niliokoa mbili ambazo zilikuwa na ufa mdogo. Nikazichuma, nikazifukia kwenye ndoo ya mchele kama tunavyofanya na embe. Upuuzi mtupu: tini ikishachumwa imechumwa, haiivi tena. Zilisinyaa tu, na yale maziwa meupe ya kikonyo yakaniwasha mkono mpaka jioni.

Nilipokuwa nakata majani yaliyokufa ndipo nikaiona ya saba, imejificha nyuma ya jani, nzima. Nikaivika kipande cha chandarua kikuukuu na kukifunga kwa uzi. Maji nikawa nayapima kwa kikombe, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na ndoo nikaisogeza kivulini. Mama aliahirisha basi la Tanga mara mbili.

Ilipolegea kabisa nikaichuma, nikaipasua kwa vidole, nikampa nusu. Akatafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Ina mchanga," akasema.

"Ni mbegu hizo, Mama."

Akatafuna tena, akameza, halafu akanyoosha mkono kutaka na ile nusu yangu.