Ukitaka kusoma juu ya Roma, usianze na bafalme

Batu benye banajua napenda historia ya Roma banakuyaka kuniuliza banunue kitabu gani, na karibu bote banafikiri lazima kuanza na César, Auguste, Néron, ile mustari murefu ya bafalme na vita. Mi naona ile njo njia ya kuchoka haraka. Kama uko mutu wa Goma, anza na barua mbili za Pline le Jeune, Muroma mwenye aliona mulima wa moto Vésuve ukilipuka, ya 16 na ya 20 mu kitabu cha sita cha barua zake, ni kurasa kidogo tu na mutu wa Paris hawezi kuzisikia mu mwili kama weye.

Ilikuwa mwaka 79 kisha Kristo. Pline alikuwa na miaka 17, anakaa Misène, mu Italia, ngambo ingine ya ghuba kutoka Vésuve, pamoja na mama yake na mujomba wake Pline l'Ancien mwenye alikuwa mukubwa wa meli za vita. Mama njo alionyesha mujomba lile wingu juu ya Vésuve. Mujomba akataka kwenda kuliangalia karibu, juu alikuwa anachunguzaka kila kitu, kisha mwanamuke mumoja, Rectina, akatuma barua ya kulomba aokolewe, njo akatosha meli kubwa aende kusaidia batu. Hakurudia. Kule Stabies batu balifunga mito ya kulalia ku kichwa juu mawe ilikuwa inanyesha, na yeye akafia ku pwani, Pline anaandika moshi muzito ulimufunga pumuzi. Ukisoma pale uko Goma, unawaza mazuku, ile hewa ya sumu yenye inatokaka mu udongo, mara moja.

Lakini ile barua ya 20 njo inanishikaka roho. Udongo unatetemeka usiku, asubui Pline na mama yake banatoka mu muji, kundi kubwa la batu banabafata nyuma na kubasukuma, magari ya kukokotwa inarudi huku na huku hata bakiweka mawe chini ya magurudumu. Mama anamuambia kimbia, mi niko muzee na mwili muzito, niache. Pline anakatala, anamushika mukono. Kisha giza, kama ya chumba chenye kimefungwa na taa imezimwa, na mule unasikia bamama, batoto, babaume, kila mutu anaita batu bake na kubatambua ku sauti. Bengi banainulia miungu mikono, na bengi zaidi banasema miungu haiko tena. Mwenye alikuwa huku Goma wakati Nyiragongo, mulima wetu wa moto, ililipuka 2002, ao usiku ya 22 Mei 2021 na siku zenye zilifuata, wakati muji ulimwangika kuelekea Sake, Minova na Gisenyi, hana lazima ya mwalimu wa kumufasiria.

Ila milima haiko sawa. Lava ya Nyiragongo inakimbia, inachoma na kugeuka jiwe. Vésuve ilimwanga majivu na mawe mepesi, kisha mawingu ya moto mukali, na ile majivu njo ilifunika muji wa Pompéi mupaka balipoanza kuichimbula mu 1748. Na njo maana kitabu cha pili nakupendekezea ni cha Mary Beard, mama Mwingereza mwalimu wa historia ya Roma, juu ya Pompéi, kiko na mu Kifaransa. Mule hakuna bafalme sana, kuna mikate yenye iligeuka makaa, batu balipaka majina ya bakandida ku bikuta wakati wa uchaguzi, barabara zenye magari ilipita upande mumoja tu, na nyumba za kuogea zenye maji yake haikuwa safi vile tunafikiriaka. Anaonyesha pia kama muji haukusimama gafla mu siku moja: bengi balikuwa bameshakimbia, na kisha bengine balirudia kuchimba batoshe vitu.

Kisha sasa soma SPQR, kitabu cha uyo uyo mama juu ya historia yote ya Roma. Iko nene, lakini inaanza na bugomvi ya banasiasa babili, Cicéron na Catilina, mu 63 mbele ya Kristo na kumalizia mu 212 kisha Kristo, mufalme Caracalla akipatia batu bote huru ba himaya uraia wa Roma, na ile swali ya nani iko raia sisi Bakongomani tunajua uzito wake. Suétone, Muroma mwenye aliandika maisha ya bakaisari kumi na mbili, mumuweke mwisho. Anafurahisha kabisa, lakini aliandika miaka mingi kisha yale mambo kupita na alipenda mafitina.

Kama feza haiko, tafsiri za zamani za Kifaransa za Pline ziko bure ku intaneti, telefone inatosha. Soma ya 16 kwanza, kisha ya 20.