Safaya za Rubyvale: hatimaye chekeche limekubali

Limekubali! Jana alasiri, hapa Rubyvale, kwenye machimbo ya vito ya Queensland, Australia, nililipindua chekeche juu ya gunia mezani, na mawe mazito yakatoka yamejikusanya katikati: duara jeusi la mawe ya chuma na spineli, ambayo ni mawe meusi, zirkoni mbili tatu, vito vizito, na karibu na kitovu chake kito tulichokifuata, safaya ya kijani yenye mkanda wa njano. Binti yangu ndiye aliyeiona kwanza. Mayowe yake yaliwatoa majirani kwenye mahema.

Safari yenyewe nitaipitia haraka. Tulitoka Toowoomba likizo ya shule ilipoanza, tukapita Roma, Injune, Rolleston na Springsure hadi Emerald. Tuliendesha mchana tu, kwa sababu jua likishuka kangaruu hutoka porini na kuingia barabarani. Malori ya trela za kuungana yanataka subira: mengine huku bara hufikia mita 53, ukitaka kulipita uone mbele mbali sana. Kwenye korongo la Carnarvon Gorge tulitembea hadi kwenye ukuta wa michoro ya kale ya mikono, na Emerald watoto walipiga picha chini ya ile nakala kubwa ya mchoro wa alizeti wa mchoraji Van Gogh, iliyosimamishwa kwenye nguzo mita 25 juu. Kisha Anakie, Sapphire, na hapa.

Sasa nije kwenye udongo, maana ndio ulionikosesha usingizi.

Safaya za huku zililetwa juu na volkano. Basalti, mwamba wa volkano hiyo, ikaoza, mito ya kale ikazisomba, na leo changarawe za mito hiyo zimefukiwa chini ya udongo. Kufika kwenye tabaka la changarawe ni jasho tu. Sururu, beleshi, mgongo. Kazi inaanza baadaye, kwa sababu changarawe hiyo imeshikana na udongo wa mfinyanzi mwekundu na mzito. Tuliutia kwenye maji, tukausugua, tukaupiga kwa fimbo, tukaulaza kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi mabonge yalikuwa yaleyale, laini kwa nje na magumu kwa ndani kama ugali uliolala. Na bonge moja likiingia kwenye chekeche, mzunguko wote umeharibika: linabingirika, linasukuma mawe, linameza vito. Nilivunja moja kwa kisu kwa hasira nikakuta zirkoni safi ndani yake. Basi nikajiuliza ni ngapi tumeshazimwaga.

Mume wangu alisema tununue sabuni ya kulainisha. Haikusaidia kitu, na maji yenyewe tunayabeba kwa madumu.

Nikampigia simu baba mdogo aliye Tunduru, kusini mwa Tanzania. Yeye aliosha safaya za Mto Muhuwesi tangu ule mkurupuko wa kukimbilia vito wa miaka ya 1990, na mikono yake inajua mambo haya kuliko kitabu chochote. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamweleza mabonge. Akasikiliza, akauliza swali moja tu:

"Unauosha ukiwa mbichi?"

"Ndiyo, baba. Unatoka shimoni moja kwa moja unaingia kwenye ndoo."

"Uanike kwanza, mwanangu. Ukauke mpaka upasuke wenyewe. Halafu ndiyo uupe maji."

Tuliutandaza juu ya turubai, tukavunja mabonge makubwa, tukaliachia jua la huku kazi yake. Hewa ni kavu mno, nguo hukauka kabla hujamaliza kuanika nyingine. Kesho yake nilitumbukiza bonge moja kwenye karai. Likatoa mapovu, likafanya ufa, likamomonyoka lote bila kuguswa. Nilitumbukiza jingine, na jingine, hadi watoto wakaanza kugombania zamu. Sababu yake ni nzuri: mfinyanzi mbichi vitundu vyake vimeshajaa maji, kwa hiyo maji mapya hayana pa kuingia. Ukikauka, maji huingia kwa kasi, hewa iliyobanwa ndani inasukuma kutoka, na bonge linajipasua. Baba mdogo hakunieleza habari ya hewa. Hakuhitaji.

Udongo ulipoachia, chekeche likaanza kufanya kazi yake. Kwazi, jiwe la kawaida la changarawe, ina uzito wa gramu 2.65 kwa sentimita ya ujazo, safaya kama gramu 4. Ndani ya maji kila sentimita ya ujazo hubebwa gramu 1, zinabaki 1.65 na 3, yaani safaya inazama ikiwa na uzito karibu mara mbili ya kwazi. Lakini faida hiyo inapotea ukichanganya ukubwa, kwa sababu jiwe kubwa jepesi huzama sawa na dogo zito. Kwa hiyo tunapitisha kwanza kwenye chekeche mbili, ya juu yenye matundu ya sentimita 1 na ya chini ya milimita 3, na kila ukubwa unaoshwa peke yake. Nusu chekeche, isizidi. Unadundisha kwa mikupuo mifupi ndani ya maji, unageuza robo, unadundisha tena, na pembeni kunabaki juu kidogo kuliko katikati.

Kuhusu vifaa, nina msimamo. Chekeche la waya wa chuma kisichoshika kutu linashinda la plastiki kwa mbali, kwa sababu la plastiki linalegea katikati na mawe yanakimbilia bondeni hata yale mepesi. Sururu ya mpini mfupi inatosha. Kibali cha familia cha kutafuta vito Queensland kinaruhusu zana za mkono tu, na kuchimba handaki ni marufuku. Kitu ambacho sitakubali tena kukikosa ni tochi kali. Watoto wanaijua habari ya Black Star of Queensland, safaya nyeusi iliyookotwa huku na mvulana miaka ya 1930, ikazuia mlango nyumbani kwao miaka mingi kabla haijachongwa na kubaki na karati 733, kwa hiyo kila jiwe jeusi wanalileta. Nalishikilia mbele ya tochi. Spineli inabaki nyeusi tii. Safaya yenye rangi nzito, mara nyingi kingo zake zinapitisha buluu au kijani.

Ratiba ilisema leo tuelekee Longreach, kisha Winton kutafuta opali, kito kingine. Hatuendi. Jirani wa hema la pili amenionyesha tochi yake ya miale ya urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho: aliizungusha usiku juu ya masalia tuliyoyatupa, na zirkoni zikawaka njano ya haradali huku na huko. Safaya za hapa haziwaki, zina chuma kingi. Lakini zirkoni ni nzito kuliko safaya, na penye zirkoni nyingi kwenye masalia ndipo tulipomwaga udongo mbichi. Ameniazima tochi hiyo hadi Jumapili. Mume wangu anapima rundo la zamani kwa ndoo, na turubai limeshatandazwa. Tunaanika rundo lote upya, kisha tunaliosha kuanzia sehemu zilizowaka sana.