Stika nimepata, ila tairi limeniumbua

Jamani stika ya ukaguzi wa gari wa trafiki nimebandika leo kwenye kioo, ila ni mara ya pili kwenda.

Mwaka jana walinirudisha kwa sababu ya taa ya breki, kibalbu kimoja tu, kwahiyo safari hii nikajipanga haswa. Usiku nikairudisha IST yangu nyuma mpaka karibu na ukuta wa nyumba hapa Sae, nikawa nakanyaga breki huku nimegeuza shingo naangalia ukutani kama wekundu unatokea pande zote mbili, maana ukiwa peke yako nani wa kukuangalizia. Ukatokea. Endiketa poa, waipa mpya, honi, mikanda, zile pembetatu nyekundu, mtungi wa kuzimia moto mshale uko kwenye kijani. Nikaosha na chini ya bodi. Nikasema hapa afande atakosa pa kushika.

Asubuhi baridi la Mbeya mnalijua, tumepanga foleni mikono kwapani. Afande kafika kwangu hajataka hata niwashe taa, kachuchumaa kwenye tairi la nyuma, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akaniita, "Njoo usome hapa." Tarakimu nne ziko ubavuni, 0912. Nikasoma. Akauliza maana yake nini, nikabaki natoa macho. Kumbe mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani tairi limetoka kiwandani wiki ya 9 mwaka 2012! Nikamwambia afande mbona kashata, yale meno ya tairi, bado zimejaa? Akalibinya, vinyufa vikafunguka kama kisigino kisichojua mafuta. "Kashata sio umri bwana mdogo, raba imekauka hii."

Hapo ndo nikakumbuka siku nalinunua, mtumba, jamaa anasifia kashata na mimi naingiza kidole napima kina kama najua vile. Na hilo hilo ndo nilikuwa napanda nalo Isongole na kuteremka Tukuyu kila wikiendi na bi mkubwa siti ya mbele, mvua za Rungwe zile, lami inateleza, malori yanakuja upande wa pili... aah, nikiwaza zile kona tumbo linanikata.

Hakuniandikia faini, nashukuru sana, maana kosa moja lilikuwa elfu 30. Akasema nikalete mawili mapya, la upande wa pili nalo lilisomeka 1114. (Spea taya hakuiuliza na mimi nikanyamaza, nayo zamu yake inakuja.) Hela ya mbolea ya viazi ikaondoka hivyohivyo.

Dukani sikugusa kashata, nikawasha tochi ya simu nikainama. Muuzaji akauliza, "Kaka unatafuta nini huko chini?" Nikamwambia mwaka wa kuzaliwa. Akacheka weee, ila matairi matatu ya pembeni akayarudisha mwenyewe nyuma kabla sijayafikia.