Uzi umerudi

Wallahi vidole bado vinanitetemeka.

Jana, gereji Mwanakwerekwe, nilikuwa nafunga silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ya gari ya mteja. Bolti ya mwisho, M10, yaani unene wa milimita 10. Spana inazunguka tu, haikazi. Nikajua pale pale.

Kuichomoa, imekuja na uzi wa bloku, ile mizunguko ndani ya tundu inayoshika bolti kwenye mwili wa injini, umejiviringisha kama chicha ya nazi.

Na bloku yenyewe alumini, laini, jamani.

Fundi wangu hakunigombeza. Leo asubuhi kanipa boksi lake la tepu, vile vyuma vya kuchonga uzi, akasema: "Maji ushayavulia nguo mwanangu, koga."

Tukatoa hedi, tukaziba silinda kwa matambara. Nikatanua tundu kwa drili, zaidi kidogo ya milimita 10, huku yeye kaninamia aone kama drili imesimama wima. Kisha tepu na mafuta: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, chenga zikatike. Nikapuliza upepo mpaka tundu likawa safi.

Halafu ile koili ya chuma, ndiyo inayokuwa uzi mpya. Unaizungusha taratibu mpaka izame kidogo chini ya uso wa bloku.

Imebaki kuvunja ulimi wake, kile kincha cha chini cha kuizungushia.

Tik!

Kisauti kidogo, kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nimebana pumzi bila kujijua. Nikaokota kipande kwa koleo jembamba, fundi akatikisa kichwa tu kukubali, akaenda zake kunywa chai.

Jioni, gasketi mpya, bolti imekaza mpaka kipimo chake.

Mafundi wa Unguja na Pemba, nyie mnatia koili au mnahamia bolti kubwa? Na nani keshawahi kupeleka tundu upande? Semeni kweli 😅