Mstari kwenye udongo: jinsi nilivyorekebisha swingi yangu ya gofu

Kwa miaka miwili ya mwanzo nilipiga mipira mingi sana bila kujua katika swingi yangu, yaani ule mzungusho wa kupiga mpira, fimbo inagusa ardhi wapi. Nilikuwa nikifika uwanja wa mazoezi hapa Arusha kila Jumamosi asubuhi, kabla Mlima Meru haujajifunika mawingu, namwaga kikapu cha mipira, napiga wa kwanza, na kabla haujatua nimeshavuta wa pili. Michache iliruka vizuri, na hiyo ndiyo niliyoikumbuka nikirudi nyumbani. Mingine ilitambaa kwenye nyasi au ilipinda kulia mpaka ikaingia mitini, nami nikaichukulia kuwa bahati mbaya ya siku. Ninawaandikia wenzangu waliokwama hapo nilipokuwa, kwa sababu nimeamini kwamba kwa mchezaji wa ridhaa swali la kwanza si namna ya kupiga mbali, bali ni mahali kichwa cha fimbo kinapokutana na ardhi, na jibu la swali hilo linaonekana kwa macho kila siku ukitaka kulitazama.

Aliyenifundisha kulitazama ni mzee mmoja aliyeanza ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, akiwa kijana mdogo, na ambaye sasa huwaelekeza wanaojifunza. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama mipira yangu mitatu bila kusema neno. Kisha akasema, "Mama, leo tuiache mipira kwanza." Akanipeleka pembeni, mahali nyasi zilipokwisha na udongo wetu mweusi wa majivu ya volkeno umebaki wazi, akachora kwa ncha ya fimbo mstari mnyoofu wenye urefu wa kama mita mbili. Mstari huo haukuelekea kule mpira unakokwenda. Ulikatiza njia yake, kama mstari wa goli unavyokatiza njia ya mpira wa miguu. Nilitakiwa kusimama mstari ukiwa katikati ya miguu yangu, kupiga kwa aironi namba 7, fimbo ya chuma ya umbali wa kati, kana kwamba mstari wenyewe ndio mpira, kusogea hatua ndogo, kupiga tena, na kuendelea hivyo mpaka uishe.

Nilipiga mara kumi. Nilipogeuka kuangalia, makovu yote kumi yalikuwa nyuma ya mstari, mengine kwa upana wa vidole vinne. Mzee alichuchumaa, akaweka kidole kwenye ukingo wa kovu moja, ule ambao fimbo ilianzia kuingia ardhini, akakivuta taratibu mpaka kwenye mstari, akanitazama. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo maelezo yapo, na yanafaa kueleweka. Uso wa aironi umelazwa kwa makusudi. Ule wa namba 7 umelala kwa nyuzi 30 na kitu, kutegemea mtengenezaji, na mlazo huo ndio unaoinua mpira. Mchezaji hana kazi ya kuuinua. Kazi yake ni kuiacha fimbo ishuke, iguse mpira kwanza, kisha iendelee kushuka kidogo na kukwangua nyasi zilizo mbele ya mpira. Kwa wachezaji bora wa kulipwa, sehemu ya chini kabisa ya duara la fimbo iko kama sentimita 10 mbele ya mpira wanapotumia aironi za kati. Anayeanza huona mpira uko chini, akataka kuusaidia kupanda, akaegemea nyuma, uzito ukabakia mguu wa kulia, na duara lote likarudi nyuma pamoja naye. Hapo mambo mawili yanaweza kutokea: fimbo inachimba ardhi kabla ya mpira, au inapita juu juu na kuugonga mpira kichwani ukatambaa. Nilidhani hayo ni makosa mawili tofauti na nilikuwa nikiyatafutia dawa mbili. Ni kosa moja.

Katika mwili wangu kosa hilo lilikuwa na asili yake. Mwanzoni kabisa mchezaji mwenzangu mmoja, kwa nia njema, aliniambia nisiinue kichwa kwa vyovyote vile, nami nilitii kupita kiasi. Nilikigandisha kichwa kiasi kwamba kifua hakikuweza kugeuka kuelekea shabaha, uzito haukupata njia ya kuhamia mguu wa kushoto, na nyuma ya kiuno paliuma kila Jumapili. Ninashauri kinyume cha hapo: macho yawe kwenye mpira mpaka ugongwe, lakini kifua kinapozunguka, kichwa kiruhusiwe kukifuata. Ukimaliza pigo, kitovu kiwe kinaitazama shabaha, kisigino cha kulia kiwe juu, na uweze kuunyanyua mguu huo wote bila kuyumba. Mimi hukaa katika hali hiyo kwa sekunde tatu baada ya kila pigo la mazoezi. Nikishindwa kukaa, ninajua uzito haukuhama, hata kama mpira umeruka vizuri.

Tuliuendea mstari kwa subira. Kwanza nilisimama nikiwa tayari nimeweka zaidi ya nusu ya uzito kwenye mguu wa kushoto, na mikono ikiwa mbele kidogo ya mahali mpira ungekuwa, nikapiga mapigo mafupi tu. Kwenye daftari niliandika idadi ya makovu yaliyoanzia kwenye mstari au mbele yake katika kila mapigo ishirini. Wiki ya kwanza nilipata manne. Wiki ya tatu saba, ya nne nikarudi kwenye matano, jambo lililonivunja moyo sana wakati ule, na ya saba nikafika kumi na tano. Masika yalipoanza na udongo ukawa tope, nilihamia kwenye nyasi na kutumia kanga kuukuu: niliikunja ikawa ukanda mwembamba, nikaitandaza kiganja kimoja nyuma ya mpira, na lengo likawa kuupiga mpira bila kuigusa kanga. Ukiikosea, kanga inarukia mbele pamoja na mpira na huwezi kujidanganya.

Baada ya hapo ndipo ilipokuwa na maana kuzungumzia kupinda. Mpira wangu ulikuwa ukipinda kulia, ugonjwa wa wengi wetu tunaotumia mkono wa kulia, na kwa muda mrefu nilijitibu kwa kulenga kushoto zaidi, jambo lililozidisha ugonjwa. Vipimo vya rada vinavyotumika siku hizi kufuatilia mpira vimeonyesha kwamba uelekeo ambao mpira unaanza nao safari huamuliwa zaidi na uso wa fimbo, kwa takriban robo tatu ukitumia aironi na zaidi ya hapo ukitumia draiva, ile fimbo ndefu ya mapigo ya mbali, na kwamba kupinda kunatokana na tofauti kati ya uelekeo wa uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Uso ukiwa wazi kulia kuliko njia, mpira utapinda kulia. Nilipolenga kushoto, mikono yangu ilipita kushoto zaidi huku uso ukibaki ukitazama mbele, tofauti ikaongezeka, na mpira ukazidi kupinda.

Tiba ya uso ilianzia kwenye mshiko. Mimi hutumia mshiko unaobeba jina la Harry Vardon, yule Mwingereza wa kisiwa cha Jersey aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara 6, ambao kidole kidogo cha mkono wa kulia hulala juu ya mfereji kati ya kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kushoto. Mmarekani Jack Nicklaus alifuma vidole na akashinda mashindano makubwa 18, kwa hiyo mimi sitagombana na mtu kuhusu vidole. Ninachosisitiza ni mkono wa kushoto: mpini ukae kwenye mashina ya vidole, usikatize katikati ya kiganja, na ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Mimi nilikuwa nikiona kimoja. Siku niliyouzungusha mkono kidogo kuelekea kulia nilihisi nimeshika fimbo ya mtu mwingine, na hisia hiyo haikuondoka kwa wiki mbili nzima, lakini mpira ulianza kunyooka siku ileile.

Kwa njia ya fimbo nilitumia chupa tupu ya maji. Niliisimamisha kama sentimita 30 nyuma ya mpira, upande wa nje wa mstari wa shabaha, kwa umbali wa ngumi moja. Fimbo ikishuka kutoka nje inaiangusha. Ikishuka kutoka ndani inapita salama. Nililaza pia ufito wa mwanzi chini, sambamba na vidole vya miguu, kwa sababu mabega na miguu hujigeuza polepole bila mwenyewe kujua. Simu ilisaidia: niliiegemeza kwenye kiatu juu ya mfuko, kimo cha nyonga, nyuma yangu kwenye mstari wa shabaha, nikarekodi mapigo matano tu kila wiki. Zaidi ya hapo unaanza kuutazama mwili vipande vipande na pigo linakufa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la nusu swingi. Weka kitambaa chini ya kwapa la kushoto, peleka fimbo mpaka mikono ifike usawa wa nyonga, rudi, malizia usawa wa nyonga upande wa pili, na kitambaa kisianguke. Hakuna nguvu hapo, hivyo kila kasoro inasikika kwenye mlio wa mpira. Fimbo na mpira hugusana kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Huwezi kurekebisha chochote ndani ya muda huo, na kila unachotaka kitokee lazima kiwe kimeandaliwa kabla. Nusu swingi ndiyo inayokupa nafasi ya kuandaa. Mimi hupiga mipira thelathini ya namna hii kabla sijapiga mmoja kwa swingi kamili, na kuna siku sifiki kwenye swingi kamili kabisa.

Mwendo nao una kipimo chake. Mmarekani John Novosel alihesabu picha za video za wachezaji wa kulipwa na kuona kwamba, awe wa haraka au wa taratibu, muda wa kupandisha fimbo ni kama mara tatu ya muda wa kuishusha mpaka kwenye mpira. Kwa aliyekua akitwanga kwenye kinu hili si geni: mchi hupandishwa kwa utulivu, na unaposhuka uzito wake wenyewe ndio unaofanya kazi. Ninahesabu moyoni moja, mbili, tatu nikipandisha, na nne ndiyo mpira.

Kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, nitasema machache. Chomeka tii mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, nafasi kati yake izidi kidogo upana wa kichwa cha fimbo, na upitishe fimbo katikati mara hamsini ukiupiga mpira mita moja na nusu kutoka shimoni. Dakika kumi zinatosha, na katika raundi ya mashimo 18 zitakuokolea mikwaju mingi kuliko draiva mpya.

Jambo moja linatuhusu sisi wa kaskazini zaidi ya wengine. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka kwa kama asilimia 5 zaidi kuliko pwani. Pigo langu la mita 140 hapa hupungukiwa na takriban mita saba nikienda kucheza Dar es Salaam. Hata nikishuka Moshi tu ninapoteza mita mbili au tatu. Safari yangu ya kwanza Dar es Salaam nilidhani swingi imeharibika, nikaanza kuongeza nguvu, nikarudi na kosa la zamani la kuegemea nyuma, na ilinichukua mwezi kulitoa. Ukishuka pwani chukua fimbo ya kupiga mbali zaidi kwa hatua moja, kama namba 6 badala ya 7, na uache swingi ilivyo.

Jumamosi iliyopita mimi na mzee tulikwenda pamoja Moshi, tukacheza mashimo tisa ya Moshi Club tangu mapema, Kibo ikiwa wazi. Aironi zangu ziligonga mpira kwanza karibu kila mara, isipokuwa pale nilipokuta mpira umelala kwenye mteremko. Huko nilichimba mara tatu. Tuliporudi Arusha jioni mzee hakuniuliza matokeo. Alikwenda palepale pembeni penye udongo wazi, akaufuta mstari wangu wa zamani kwa soli ya kiatu, akapanda hatua chache hadi kwenye tuta dogo, akachora mwingine kwenye ubavu wake, na kunipa aironi namba 7.